Skrini haina kosa, kosa ni maelekezo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba kumpima mtoto usonji (autism, hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na wenzake) kwa video ni sawa na kupima malaria kwa kumsikiliza mgonjwa akikohoa. Nilicheka, kisha nikakereka. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Tennessee, Marekani. Wengi ninaowahudumia ni familia za wakimbizi kutoka Kongo, na tangu mwaka 2020 nimeingia kwenye miadi mingi ya namna hiyo.

Kwanza tuelewane kinachofanyika. Kipimo kinachojulikana zaidi, ADOS, kinamtaka mtaalamu akae chumba kimoja na mtoto, wachezeshane, kila mmoja auone uso wa mwenzake. Korona ilipokuja na barakoa zake, hilo halikuwezekana kwa wakati ule. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt hapa Nashville walitoa njia nyingine kwa watoto wa miezi 14 hadi 36, iitwayo TELE-ASD-PEDS. Mtaalamu anabaki ofisini, anaangalia kwa video. Mzazi ndiye anayecheza na mtoto pale sebuleni, kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, huku akielekezwa hatua kwa hatua. Mtaalamu anatoa alama 1 hadi 3 kwa mambo saba: kama mtoto anatoa sauti akimlenga mtu, kama anamwangalia mtu usoni, anavyochezea vitu, anavyorusharusha mikono, na mengine ya aina hiyo. Jumla ikifika 11, uwezekano wa usonji ni mkubwa. Mzazi anahojiwa pia historia yote ya mtoto, na mtaalamu akibaki na shaka, familia inaitwa kliniki. Sasa hapo kukohoa kuko wapi?

Faida yake nimeiona kwa macho. Mtoto yuko kwao, hajatishwa na chumba kigeni chenye harufu ya dawa. Mama anayefanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama hapotezi siku nzima kwenye basi.

Lakini msomaji wako angeuliza swali jingine, ningemuunga mkono. Katika kipimo hiki mama ndiye mikono ya daktari. Asipoelewa anachoambiwa, anayepimwa ni mama. Kuna hatua ambapo mzazi anatakiwa amwache mtoto bila kumjali kwa muda mfupi, ionekane mtoto atafanya nini. Miadi yangu ya kwanza nilitafsiri, kama kamusi ilivyonifundisha, “mpuuze mtoto.” Mama alinikodolea macho kana kwamba nimemtukana. Nani anampuuza mwanawe? Siku hizi nasema: jifanye una kazi, usimtazame. Hatua ya kitafunwa nayo ina vituko. Mtoto anawekewa anachokipenda ndani ya kopo asiloweza kulifungua, ili ionekane atakavyoomba. Mama mmoja alilifungua kabla mtaalamu hajamaliza sentensi. Kwao chakula hakifungiwi mtoto.

Gumu kuliko yote ni kidole. Mama akiulizwa “anaonyesha vitu?” anajibu ndiyo, na hadanganyi: mtoto anamkamata mkono na kuupeleka kwenye kikombe. Ila kumkamata mkono hivyo ni dalili ya usonji ambayo mtaalamu anaitafuta. Yeye anataka kujua kama mtoto akiona ndege juu, anamwonyesha mama kwa kidole ili naye amwone, bila kuomba chochote. Kati ya maswali hayo mawili pana umbali mkubwa, na mkalimani aliyechoka anaweza kuyafanya moja.

Sasa niambie, mkalimani atayaona hayo vipi ikiwa ameunganishwa kwa sauti tu? Ndivyo kliniki moja ilivyokuwa ikifanya: daktari na mama wanaonana, mimi naning’inia kwenye simu kama kipofu. Muda nao ulikuwa uleule anaopewa mzazi wa Kiingereza, ilhali kila neno linasemwa mara mbili. Siku nyingine nilikuta kaka wa mtoto, wa miaka 11 hivi, ameshaanza kutafsiri. Sheria ya hapa inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zilete mkalimani mwenye sifa bila malipo, na inakataza kumtumia mtoto isipokuwa kwa dharura.

Huko nyumbani Tanzania nasikia kuna wanaotaka kuijaribu njia hii, na ni sawa, maana mama wa Kigoma atasafiri siku ngapi kumfuata bingwa Dar es Salaam? Afadhali yenu kwamba lugha ipo. Muuguzi yuleyule anayempimia mtoto uzito kliniki akikaa karibu na mama, nusu ya haya niliyolalamikia hayatakuwepo.

Nimalizie kwa mtoto mmoja. Mtaalamu alisoma jina kwenye fomu, akamwomba mama amwite. Kwa heshima ya daktari, mama akaita jina lilelile la kwenye fomu. Mtoto hakugeuka. Akaita tena, kimya. Mtaalamu akaandika. Nikaomba ruhusa, nikauliza: mama, nyumbani mnamwitaje? “Babu,” akasema, “amebeba jina la baba mkwe wangu.” Alipoita “Babu!” mtoto akageuka hapohapo. Sisemi hana usonji; baadaye ilithibitishwa kuwa anao. Ila kutogeuka kule hakukuwa kwake.

Kwa hiyo wazazi mnaosoma gazeti hili mkiwa Marekani, mkipangiwa miadi ya video semeni mapema mnataka mkalimani anayeonekana kwenye skrini, na mtajeni mtoto kwa jina la nyumbani kabla kipimo hakijaanza. Wala msingoje jibu ndipo muombe msaada: mtoto wa chini ya miaka 3 aliyechelewa kukua ana haki ya kuanza kusaidiwa hata kabla hali yake haijapewa jina.

Mkalimani,
Nashville, Tennessee