Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: mwambieni mgeni, msituachie sisi madereva

Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni dereva na mwongozaji watalii, mkazi wa Narok, mwenye beji ya shaba ya KPSGA, chama cha waongozaji safari wa Kenya, na watoto wanaodaiwa karo. Ningependa barua hii iwe ya shukrani. Lakini wiki iliyopita nimenyang'anywa safari kwa kosa la kutii kanuni za Maasai Mara, na adabu niliyobaki nayo ndiyo hii unayoisoma.

Ilikuwa hivi. Duma jike na watoto wake walijilaza nyasini, mbali kidogo na njia. Redio ya magari yetu madereva ilikuwa imeshatangaza, kwa hiyo magari yalifurika. Kanuni inasema yasizidi matano kwa mnyama wa aina hiyo, umbali wa mita 25, na dakika 10 ikiwa wengine wanangoja zamu. Nani alihesabu? Gari moja likakata kona likaingia nyasini, la pili likalifuata, na wageni wangu wakaanza: mbona wao waende na sisi tubaki? Nikawaeleza kwa upole kwamba hapa hairuhusiwi kupiga ofrodi, yaani kutoka njiani. Mzee mmoja akanijibu kwamba hakulipa pesa zote zile aje kumtazama duma kwa darubini.

Nikabaki njiani. Jioni hapakuwa na tipu, na hilo silalamikii, tipu si haki ya mtu. Lakini malalamiko yao yalifika ofisini kabla sijazima injini, na kampuni ikaniambia "nipumzike kwanza". Yule aliyekanyaga nyasi ana wageni wengine sasa hivi, na nasikia wamemsifu sana mtandaoni.

Kabla washauri wako hawajakukumbusha kwamba Mara ni ya Kaunti ya Narok na si ya Wizara, nikiri kwamba hilo tunalijua kuliko wao. Pia tunajua kwamba leseni za kampuni za utalii hutolewa na mamlaka iliyo chini yako. Na tunakumbuka mwaka 2025, ile video ya watalii walioshuka kwenye magari na kuwazibia nyumbu njia ya kuvuka Mto Mara ilipozunguka dunia nzima. Wizara yako haikusema basi kwamba Mara ni ya Kaunti. Ilitoa tamko: wageni wasishuke ila mahali palipotengwa, alama ziongezwe, wageni waelimishwe. Tulipigiana simu kwa furaha siku ile.

Hiyo elimu iko wapi, Mheshimiwa? Labda ndege yake imechelewa. Wageni ninaowapokea mimi hufika langoni wakijua bei ya tiketi na majina ya wanyama watano wakubwa, basi. Mwalimu wao ni mimi, yule yule ambaye jioni atangoja mkono wao. Utamkataza vipi mtu ambaye ndiye atakayeandika kama wewe ni dereva mzuri au mbaya?

Pengine hata bei imechangia, hapa nakisia. Tangu 2024 mgeni wa nje hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na dola 100 miezi mingine, kwa tiketi ya saa 12. Sisemi ishushwe, kaunti ina hospitali za kujenga. Nasema mtu aliyelipa hivyo, na saa inakimbia, hawezi kukubali kirahisi kwamba duma yuko pale na gari lake lina magurudumu manne, ila haliendi.

Na wasiojua watauliza, nyasi tu? Aje mtu Mara baada ya mvua auone ule udongo mweusi. Gari la kwanza likipita linaacha mifereji miwili. La pili linaogopa kukwama, linapita kando. La tatu linapita kando ya la pili. Msimu ukiisha una njia ya panya pana kuliko barabara ya kwetu kijijini, udongo umeshindiliwa, majani hayaoti, na dereva mgeni anayekuja mwakani anadhani ni njia halali. Sitamlaumu. Duma naye ana shida yake: huwinda mchana, saa zile zile ambazo sisi tumejaa. Utafiti wa Mara uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba palipo na watalii wengi, duma jike hulea kwa wastani watoto 0.2 hadi wajitegemee. Palipo na wachache, 2.3. Wale wageni wangu wangeonyeshwa hesabu hiyo, huenda yule mzee angeishukuru darubini.

Kila kelele zikipanda, jibu ni moja: dereva apigwe faini, dereva afungiwe. Sawa, wapo wenzetu wanaostahili. Lakini mwenye gari aliyemwambia "hakikisha wageni wamefurahi" yuko Nairobi kwenye kiyoyozi, na mgeni aliyempiga begani akimwambia "ingia tu, ingia" amerudi kwao na picha zake. Sisi tumefanyiwa mtihani wa kanuni ndipo tukapewa beji. Mgeni hajaulizwa swali hata moja.

Kwa hiyo naomba. Kampuni ilipe pamoja na dereva wake. Dereva aliyekataa kutoka njiani asifutwe kwa sababu hiyo, na kampuni inayomfuta iulizwe siku ya kuhuisha leseni. Askari wa hifadhi wawepo kwenye vivuko msimu wa nyumbu, si baada ya video. Najua utaniambia haya yanahitaji bajeti, kamati, na mashauriano na Kaunti.

Basi acha yote, nipe hili moja: mwambieni mgeni. Karatasi moja, kwa lugha yake, aitie sahihi anapolipia tiketi: gari halitoki njiani, na ukimshinikiza dereva, faini ni yako. Kuchapisha karatasi hakuhitaji kamati. Julai magari yataanza kupanga foleni langoni. Mwambieni kabla hajapanda gari langu, Mheshimiwa, ili mimi nisiwe wa kwanza kumwambia.

Wako mtiifu, tena mtiifu kupita kiasi,

Dereva na mwongozaji watalii,
Narok