Mjomba, mtoto anasikia unayosema barazani

Shikamoo Mjomba.

Najua kwa mila zetu jambo la ukoo huzungumzwa ndani. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu maneno yenyewe uliyasema mbele za watu, siku ya arobaini ya bibi, na kwa sababu wajomba wanaoyasema ni wengi, kuanzia Tandahimba hadi Ruangwa. Jina lako sijalitaja, wala kijiji. Na heshima yangu kwako iko palepale. Ada yangu ya kidato cha tano, wakati serikali haijaifuta, ilitoka kwenye korosho zako, na sitasahau.

Ulisema hivi, mdogo wangu akiwa amekaa mkekani na wenzake: "Sisi watu wa kusini shule hatukuumbiwa. Huyu naye ataleta sifuri kama wenziwe, tumtafutie mume." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Kicheko chake ndicho kilichonifanya nikae niandike, maana alicheka kama mtu anayekubaliana na habari aliyokwisha kuijua.

Kazi yangu siku hizi ni kusoma tafiti za wachumi kuhusu elimu, na humo nimekuta jaribio moja ambalo kila nikilisoma nakuona wewe. Karla Hoff na Priyanka Pandey walikwenda kwenye vijiji vya Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, wakakusanya wavulana wa darasa la sita na la saba: 321 wa matabaka ya juu na 321 wa tabaka la chini, yaani yale matabaka ya Kihindu ambayo mtu huzaliwa nayo. Wakawapa karatasi zenye michoro ya vichochoro vilivyopindapinda, kila mmoja atafute njia ya kutokea, na kila mchoro aliomaliza ukawa na malipo yake. Kwenye makundi ambayo tabaka halikutajwa, watoto wa tabaka la chini walifanya vizuri sawasawa na wenzao. Kwenye makundi mengine, kabla ya kuanza, msimamizi alisoma kwa sauti jina la kila mtoto, kijiji chake, jina la baba, jina la babu, halafu tabaka lake, wote wakisikia. Hapo watoto wa tabaka la chini wakashuka. Michoro ilikuwa ileile na malipo yaleyale. Aliyesoma majina hakuwatukana wala hakuwacheka. Alitaja tu kitu ambacho kila mmoja pale alikuwa anakijua, na kukitaja kukatosha kupunguza kazi ya mkono wa mtoto.

Nitakuwa mkweli kwako. Kuna majaribio mengine ya jamii hii, maarufu zaidi likiwa la Claude Steele na Joshua Aronson huko Marekani mwaka 1995, waliowapima wanafunzi weusi wa chuo kikuu huku wakiwaambia kwamba mtihani unapima akili zao, nao wakashuka. Watafiti waliorudia majaribio ya namna hiyo kwa watu wengi zaidi mara nyingi wameona athari ndogo, na wengine hawakuona kitu. Kwa hiyo sisemi kwamba neno lako moja limemharibu mtoto. Nasema neno hilo amelisikia kwako, kwa jirani, kwa kondakta wa basi la Dar es Salaam, na shuleni kwa mwalimu aliyehamishiwa huku bila kupenda. Kwako lina uzito tofauti na kwa hao wote, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akishasema kuhusu mtoto wa dada yake, mara nyingi hata baba hunyamaza.

George Akerlof, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, na mwenzake Rachel Kranton waliandika mwaka 2000 kwamba wachumi walikuwa wamesahau jambo kubwa. Walizoea kuhesabu kwamba mtu hutafuta pesa, chakula na mapumziko, basi. Wakasahau kwamba mtu hutafuta pia kuwa mtu wa kwao, na kwamba kwenda kinyume na anavyotarajiwa kuwa humuumiza kwelikweli, kiasi kwamba yuko tayari kupoteza pesa ili asiumie hivyo. Miaka miwili baadaye wakaandika kuhusu shule: mwanafunzi huangalia kwanza yeye ni wa kundi gani pale, na juhudi yake hufuata jibu hilo. Kundi lake likiwa la wasiosoma, kusoma kwa bidii kunakuwa kama kuwasaliti.

Manyakanga wetu, wanaowafunda wali unyagoni, hawahitaji kuambiwa hayo. Nani huku kusini hajui gharama ya kumtoa mwali? Msimu ukiwa mzuri familia inaweza kumaliza pesa nyingi ya korosho kwa ngoma, nguo na pilau. Wageni hutuita wajinga kwa hilo, na mimi sikubaliani nao. Mtoto anayetolewa mbele ya ukoo mzima, akipigiwa vigelegele, anaambiwa kwamba ana watu. Hilo ni sehemu ya ustawi wa mtu, lina thamani, na familia inalilipia kwa macho makavu. Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyohuyo akishika namba ya tatu darasani, hakuna anayesimama.

Sasa nije kwenye hoja yako ya pesa, maana wewe si mtu wa kusema ovyo. Uliniambia jikoni siku ileile: korosho zinaanguka Oktoba na Novemba, mikono haitoshi, na vijana waliosoma hadi chuo kikuu wanarudi kijijini kuokota kama wengine. Yote mawili ni kweli. Manisha Shah na Bryce Steinberg walichunguza vijiji vya India wakakuta kwamba mwaka wa mvua nzuri, vibarua vikipatikana, watoto huacha shule na alama zao hushuka. Mwaka wa ukame wanasoma zaidi. Kwetu ni hivyohivyo, na limeongezeka moja: msimu wa korosho unagongana na upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne. Saa ya mtoto ina bei kubwa shambani wakati uleule ambao ina bei kubwa darasani. Mwizi wa alama zake yuko hapo. Damu ya kusini haihusiki.

Na kuhusu faida ya kusoma, Robert Jensen aliwauliza wavulana wa Jamhuri ya Dominika wanadhani aliyemaliza sekondari anapata kiasi gani. Wengi walitaja kidogo kuliko hali halisi, kwa sababu walikuwa wakiwatazama watu wa mtaani kwao tu, na waliofanikiwa walikwisha kuhama. Wale walioelezwa takwimu za kweli walisoma zaidi kwa wastani wa kati ya 0.20 na 0.35 ya mwaka katika miaka minne iliyofuata. Waliotoka familia maskini zaidi hawakubadilika sana, maana kujua bila pesa ni kujua tu. Nimelitaja hilo ili usidhani naamini hotuba zinatosha. Lakini tazama kijijini kwetu: aliyefeli tunamwona kila siku kwenye kijiwe, na aliyefaulu yuko Dodoma anakuja msibani tu. Tunapiga hesabu kwa nusu ya watu.

Hii habari ya kwamba hatukuumbiwa shule naielewa ilikotoka. Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947, wakajenga reli kutoka pwani hadi Nachingwea, mradi ukafa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika ilikuwa inatukata na nchi nzima. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa ghasia za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, na kilio kilikuwa hichohicho cha kupitwa. Watu waliopitwa mara nyingi hivyo wanaweza kufika mahali wakajisemea wenyewe kabla hawajasemewa. Ila historia ina upande mwingine, nawe unaufahamu kuliko mimi. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na shule zikaanza huku wakati sehemu nyingi za bara hazijaona ubao. Halafu akaja Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926. Yeye hakutaka watoto wachague kati ya kanisa na jando; aliliingiza jando ndani ya kanisa, wazee wakishiriki. Mtu anaweza kumlaumu kwa mengi, lakini alitambua kwamba mtoto hasomi vizuri huku akihisi anawakimbia watu wake.

Najua utanitajia Mkapa wa Lupaso, aliyesoma Ndanda na Makerere akawa Rais kuanzia 1995 hadi 2005, na Majaliwa wa Ruangwa, mwalimu aliyeteuliwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2015. Unawataja kwa fahari, na mimi pia. Lakini mtafiti mmoja, Trang Nguyen, alifanya jaribio Madagaska la kuwaleta shuleni watu waliofanikiwa ili wasimulie maisha yao. Kwa watoto maskini, aliyewainua alama ni yule aliyekulia kwenye umaskini kama wao. Aliyetoka familia yenye uwezo hakuwasaidia. Marais wako mbali. Binti wa mama mkubwa, yule muuguzi aliyekuwa anauza mabibo barabarani ili apate daftari, yuko karibu, na sijawahi kusikia akitajwa barazani.

Na kwa wasichana kuna ushahidi mzito zaidi. Tangu 1993 India ilitenga theluthi moja ya nafasi za wenyeviti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake, na vijiji vyenyewe vikapatikana kwa bahati nasibu. Lori Beaman, Esther Duflo na wenzao walipokwenda West Bengal, kwenye vijiji vilivyoongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili, tofauti ya matarajio ya wazazi kwa wavulana na wasichana ilikuwa imepungua kwa asilimia 20, na ya vijana wenyewe kwa asilimia 32. Tofauti ya kiwango cha elimu kati ya wavulana na wasichana ilikuwa imefutika, na wasichana walitumia muda mchache zaidi kwa kazi za nyumbani. Hakuna aliyewajengea shule za pekee. Walimwona mwanamke amekaa kwenye kiti, na wazazi wao nao wakamwona.

Mjomba, haya ndiyo ninayokuomba. Novemba mdogo wangu ana upimaji, na korosho zitakuwa chini. Siku za shule aende shule. Jumamosi atakuja kuokota kama kawaida. Niambie kibarua analipwa kiasi gani msimu huu, nitatuma pesa ya mtu wa kushika nafasi yake mpaka amalize. Yule muuguzi nimeshaongea naye, atakuja kulala hapo siku mbili likizoni wakae pamoja. Na Desemba, siku ya kuwatoa wali, utakapopewa nafasi ya kusema kama kaka wa mama zetu, mtaje mdogo wangu kwa alama zake za hesabu. Zipo kwenye ripoti, mama ameiweka sandukuni. Ukisema wewe, hakuna atakayecheka.

Msalimie mkaza mjomba, mwambie dawa ya mgongo nimeipata, naituma kwa basi la Ijumaa.

Mpwa wako,
Mtwara mjini