Arobaini imeisha lakini tumbo bado linavuta: nirudi vipi gengeni?

Dada mshauri,

Shikamoo, na salamu kwa wasomaji wote. Naomba jina langu lihifadhiwe, kwa sababu nitakaowataja humu ni watu wa nyumbani kwangu, na wananipenda. Naishi Morogoro mjini, nina watoto wawili, na nauza nyanya na mboga kwenye genge langu mwenyewe. Mtoto wa pili nimejifungua kwa upasuaji, na arobaini yake imeisha juzijuzi. Ninachotafuta ni namna ya kuzirudia kazi zangu. Kila ninayemuuliza ana jibu moja kati ya mawili, ama niendelee kulala au niinuke nifanye kila kitu kama zamani. Mwili wangu unaniambia niko katikati, na hapo katikati sijapata mtu wa kunielekeza.

Wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida. Jioni ya siku ileile nilikwenda chooni mwenyewe, na mwezi ulipokatika nilikuwa gengeni, mtoto nimemlaza kwenye boksi nyuma ya mafungu ya mchicha. Ndicho kipimo ambacho kila mtu ananipimia sasa, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nakitegemea.

Safari hii uchungu ulianza usiku ukaenda hadi mchana wa siku ya pili. Njia ikakataa kufunguka zaidi, na mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka. Daktari akasema tusisubiri. Nikachomwa sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, na nikamsikia mwanangu akilia nikiwa macho. Alikuwa na kilo tatu na nusu. Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari yule, maana mtoto yuko hai. Wifi yangu anaposema mbele ya wageni kwamba mimi nimepasuliwa tu, uchungu sijaujua, huwa nanyamaza, ila inaniuma kuliko mshono. Uchungu niliujua wote, na kisu kikaja juu yake.

Siku ya kuruhusiwa, nesi wa wodini alivuta kiti akakaa nami. Sitamsahau, kwa sababu wodi ilikuwa imejaa na bado aliupata muda huo. Aliniambia ngozi huziba mapema, lakini chini yake kuna tabaka nyingine zilizokatwa na kushonwa, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye mfuko wa uzazi wenyewe, na hizo huchelewa kupata nguvu. Kwa wiki sita nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Nikitaka kuamka nigeukie ubavu kwanza, nijisukume kwa mkono, nisijiinue kwa tumbo. Nikikohoa au kupiga chafya nikumbatie mto. Nitembee kidogo kidogo kila siku, maana mzazi wa upasuaji akilala tu, damu inaweza kuganda miguuni. Na nikiona homa, usaha, harufu mbaya, damu nyingi, kichwa kinauma sana, mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inabana, nirudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Yote hayo nimeyashika. Shida ni kwamba nesi yule haijui nyumba yangu ilivyo. Maji tunachota kwenye bomba la nje, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mbali kabisa na uzito wa mtoto. Jiko ni la mkaa, liko chini, kwa hiyo kupika ni kuchutama. Choo ni cha kuchuchumaa, na siku za mwanzo nilikuwa nashikilia ukuta huku machozi yananitoka. Kusonga ugali wa watu wanne nilikuwa nadhani ni kazi ya mikono, kumbe tumbo lote linafanya kazi; ugali ukianza kukaza, mshono unavuta upande wa kulia mpaka naacha mwiko. Kukamua nguo nako ni hivyohivyo. Na mkubwa wangu ana miaka mitatu, akiamka usingizini anataka kubebwa. Nikimwambia mama anaumwa tumbo, ananiuliza kama ni mtoto ndiye aliyeniumiza. Sitaki amchukie mdogo wake, kwa hiyo nakaa chini ndipo namwita apande mwenyewe mapajani. Kwa hilo angalau nimepata njia.

Mama mkwe alikuja kutoka Kilosa kunilea, na kwa wema alionifanyia sina cha kumlipa. Uji wa pilipili manga asubuhi, mtori mchana, supu jioni, nguo zote alifua yeye. Tulipogongana ni kwenye kukanda. Alfajiri ya kwanza alichemsha maji akaja na taulo, anataka kunikanda tumbo ili damu chafu itoke. Nikamwambia, "Mama, nesi amekataza, mshono usiminywe wala usimwagiwe maji ya moto." Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezaa saba, damu ikibaki ndani itakusumbua hadi uzeeni." Nilimwonyesha kwamba damu inatoka yenyewe kama ilivyotoka kwa mtoto wa kwanza. Mwishowe tukakubaliana anikande miguu na mgongo tu, kwa maji ya uvuguvugu. Alikubali, ila moyoni hakuridhika, na nasikia alimwambia jirani kwamba nikija kuugua asiulizwe yeye.

Kilichonichanganya zaidi ni hiki. Ndani ya arobaini alinikataza hata kutoka uani. Nikisimama mlangoni kupata hewa, ananirudisha kitandani, nami nakumbuka maneno ya nesi kuhusu damu kuganda, basi nikawa natembea chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, yeye akiwa jikoni. Halafu arobaini ikatimia, mtoto akanyolewa, watu wakala, na kesho yake mama akafunga mizigo kuwahi mpunga wake. Akaniaga akisema, "Sasa umepona, mwanangu. Sisi arobaini ikiisha tulikuwa tunashika jembe." Siku moja mimi ni mgonjwa wa kulishwa, siku inayofuata mimi ni mzima wa kubeba ndoo. Kwa watu wa nyumbani ni kama taa ya umeme, imezimwa au imewashwa.

Kliniki nilikwenda baada ya wiki sita, kama kadi inavyosema. Mshono umekauka vizuri, mtoto ameongezeka uzito. Nikaambiwa naweza kuanza kazi taratibu, na nikisikia maumivu niache. Nikauliza, kwa mtu wa genge hiyo taratibu ni kiasi gani? Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, muhudumu akanirudishia kadi. Nilifanikiwa kumuuliza jambo moja tu, kuhusu mgongo, kwa sababu kila mtu mtaani ananiambia ni ile sindano na kwamba nitakaa na maumivu hayo maisha yangu yote. Alisema wazazi wengi huumwa mgongo hata wasiochomwa sindano, kwa kubeba mimba na kuinama wakati wa kunyonyesha, akanifundisha kumnyonyesha mtoto nikiwa nimelala ubavu, au kumpitisha chini ya kwapa ili miguu yake isiguse mshono. Hilo limenisaidia kweli. Juu ya mshono bado pana ganzi, nikipagusa ni kama ngozi ya mtu mwingine, ila ameniambia nalo ni kawaida, linaweza kuchukua miezi.

Sasa genge. Wasiojua biashara hii wanaona ni kukaa tu na kupanga mafungu. Mimi huamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo unaoshuka kutoka Mgeta, kabichi, karoti, njegere, na nyanya zinakuja kwenye matenga. Tenga la nyanya mwanaume mzima analibeba akihema. Zamani nilikuwa nashikana na mwenzangu tunalipandisha kwenye bodaboda, nami napanda juu ya pikipiki ya pili na viroba vyangu, barabara ya mtaani kwetu ni mashimo matupu. Kisha ni kuinama siku nzima, kuchambua, kumwagilia mchicha, kunyanyua meza usiku kuiingiza ndani. Mtoto ningembeba mgongoni, lakini kanga ninapoifunga inakatiza tumboni, karibu kabisa na mshono.

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, amejifungua karibu na mimi. Yeye sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, na mshahara unaingia; angezaa mapacha zingekuwa 100. Namfurahia, anastahili. Ila mimi na wanawake wote tunaouza sokoni tumbo letu ni lilelile, na genge likifungwa hakuna kinachoingia. Wateja wangu wameshahamia kwa mama wa kona ya pili. Kwenye kikoba chetu mfuko wa jamii ulinipa mkono wa uzazi, walikuja hadi nyumbani na khanga na sabuni, nikalia. Lakini mkopo niliokopa wakati wa mimba uko palepale, na rejesho ni kila Jumamosi. Wamenivumilia. Mwenyekiti ameniambia kwa upole kwamba wenzangu wameanza kuuliza, na mimi sitaki wanawake wenzangu wanilipie deni.

Baba watoto yuko kwenye mashamba ya miwa huko Turiani, anarudi mwisho wa wiki. Ni mtu mwema. Akiwepo anachota maji anajaza mapipa, na hajawahi kuniambia neno la kebehi kuhusu upasuaji. Jambo lililo kati yetu ni la chumbani. Ameuliza mara moja tu, kwa adabu, tangu arobaini ilipoisha. Damu imekata, na nesi alisema damu ikikata na kidonda kikipona inawezekana, mradi mwenyewe niwe tayari. Sijawa tayari. Naogopa maumivu, na naogopa mimba zaidi. Niliambiwa nipumzike angalau miaka miwili kabla ya kubeba nyingine ili kovu la mfuko wa uzazi likomae. Yeye anaamini kwamba maadamu nanyonyesha siwezi kushika mimba. Nesi alinifafanulia kwamba kunyonyesha kunakinga pale tu mtoto hajafika miezi sita, ananyonya usiku na mchana bila kupewa kingine, na siku zangu hazijarudi. Nikirudi gengeni, nani anajua kama atanyonya hivyo? Nafikiria vijiti au kitanzi. Nataka tuamue pamoja, lakini kila nikianza kuzungumza anaona kama namkwepa.

Naomba msaada wako kwa haya, dada, na zaidi naomba wasomaji waliopasuliwa na wanaofanya kazi za kuinua na kuinama wanijibu. Mliporudi sokoni au shambani, mlianza na nini na mkaacha nini? Nimewaza nirudi kwa nusu siku, niuze mboga za majani na vitunguu tu, nyanya niziache kwanza. Nimlipe kijana wa mkokoteni aniletee mzigo hadi gengeni, na meza niipandishe kwa matofali nisiiname. Faida itapungua karibu yote kwa mwezi wa kwanza, najua. Je, inafaa, au najidanganya kwamba hiyo si kazi? Mkanda wa tumbo unaouzwa madukani unasaidia mtu anapofanya kazi, au unabana bure? Maumivu ya kuvuta yanayokuja jioni na kuisha nikilala, ni ya kawaida au ni ya kurudi hospitali?

Kwa mama mkwe, nimpigie simu au ningoje aje, na nianze vipi kumwambia kwamba bado nahitaji mtu wa kuchota maji bila aone kwamba uuguzi wake naudharau? Kuna binti wa dada yake amemaliza kidato cha nne yuko tu nyumbani, angekuja hata kwa miezi miwili ningempa chochote nitakachopata. Naogopa wifi atasema nimeanza kutafuta mtumishi kwa sababu ya kisu.

Na kwa baba watoto, nimwombe twende wote kliniki akasikie mwenyewe? Kwetu wanaume hukaa nje ya geti na pikipiki zao, lakini nadhani yeye angeingia nikimwomba vizuri. Akija wiki hii nataka nimwambie.

Kikao cha kikoba ni Jumamosi ijayo. Kama kuna mtu aliyewahi kuomba rejesho lipunguzwe kwa muda badala ya kusimamishwa kabisa, aniandikie alivyolisema hadi wenzake wakamwelewa. Mimi nimepanga kuwaomba nilipe nusu kwa miezi mitatu, na niwaambie wazi kwamba tenga sinyanyui.

Mama Wawili,
Morogoro