Njia ya pikipiki za theluji ihamishwe mbali na nyumba zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Estrie, Quebec, tunalilalamikia majumbani tu, wenye mamlaka hawalisikii: pikipiki za theluji (snowmobile), zile zinazoteleza juu ya theluji kwa mkanda na skii badala ya magurudumu, zinazopita karibu mno na makazi yetu.

Jengo tunalopanga liko ukingoni mwa kijiji. Njia ya klabu ya wapanda pikipiki hizo inapita nyuma yake, kati ya maegesho ya magari na shamba la mahindi. Ijumaa na Jumamosi usiku pikipiki haziji mojamoja, zinakuja kwa misafara, na kila dereva akishamaliza kona anaongeza moto. Vioo vinatetemeka. Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili inapenya hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu kwenye nyumba za wazee na viwandani, na usingizi tunaoukosa hatuna pa kuufidia.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni asubuhi. Njia hiyo inakata barabara palepale watoto wanaposubiri basi la shule. Mwezi wa Desemba, saa moja asubuhi bado ni kigizagiza. Mtoto amefunikwa kofia mpaka masikioni, hasikii vizuri, na dereva anayetokea shambani hawezi kumwona nyuma ya lundo la theluji lililosukumwa na greda. Sitaki tungoje mpaka mtoto agongwe ndipo kibandikwe kibao.

Sisemi pikipiki hizi zipigwe marufuku. Valcourt, alikozaliwa Joseph-Armand Bombardier, ni hapa hapa kwetu. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, aliugua na kufariki kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Baba huyo, ambaye tayari alikuwa akihangaika kuunda gari la kupita juu ya theluji, alifanikiwa kulisajili mwaka 1937. Lilibeba watu saba, na magari ya aina hiyo yakaja kubeba wagonjwa na wanafunzi. Ski-Doo, ile ndogo ya kujivinjari, ilikuja mwaka 1959. Leo migahawa na vituo vya mafuta vya vijijini vinawategemea wapanda pikipiki hawa wakati wa baridi, na wanaotunza njia wengi ni watu wa kujitolea. Nawaheshimu.

Lakini sheria nayo ipo. Quebec inakataza kupita kwenye njia hizi kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa MRC, yaani mamlaka ya manispaa za eneo zima, iwe imepanga saa nyingine. Kuchezea ekzosi ili ipige kelele zaidi ni kosa. Tena mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Quebec iliwapa haki, pamoja na fidia, wakazi wa Laurentides, eneo la kaskazini mwa Montreal, waliosumbuliwa na pikipiki kwenye Petit Train du Nord, njia iliyokuwa reli zamani. Serikali ilipoona kesi hiyo, mwaka 2006 ikapitisha sheria ya kuzuia mashtaka ya namna hiyo kwa muda. Nasikitika kwamba ilikimbilia kuzuia kesi, lakini ushindi ule unaonyesha kuwa malalamiko ya majirani si kelele za watu wasiopenda wenzao wafurahi.

Kwetu tatizo liko kwenye ruhusa. Njia nyingi zinapita kwenye ardhi ya watu binafsi, na klabu inamwomba mwenye ardhi. Yeye ndiye anayekubali, na mara nyingi analala mbali. Mpangaji anayekesha haulizwi kitu.

Hata hivyo, kila kikao cha kawaida cha baraza la manispaa lazima kiwe na muda wa maswali ya wananchi, na hakuna anayedaiwa hati ya nyumba ili aulize. Najua ndugu zetu waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Kifaransa bado kinawapa shida. Swali moja lililoandikwa kwenye karatasi linatosha, na tunaojua lugha tutawasindikiza.

Tuyaombe mambo matatu. Njia ihamishiwe upande wa pili wa shamba, kwenye mstari wa miti. Pale penye kituo cha basi pawekwe alama ya kuzitaka pikipiki zisimame. Na MRC ipange mwisho wa pikipiki kupita uwe saa nne usiku kwa sehemu zinazopakana na makazi. Tukayaombe kabla ya vuli, klabu ikiwa bado haijakubaliana na wenye mashamba wala kuchomeka vigingi vya kuonyesha njia, kwa sababu theluji ikishashikamana tutaambiwa tungoje mwaka mwingine.

Mpangaji,
Estrie, Quebec, Kanada