Sisi wa pembeni ya kiti cha meno nasi tuna raha zetu

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kidogo maana kila matokeo ya form four yakitoka wazazi wa huku Arusha wanawaza udaktari, unesi na famasia basi, mtoto akitaja mambo ya meno anaulizwa kwa hiyo we utakuwa unanusa vinywa vya watu? Mi ndo kazi yangu hiyo, msaidizi wa daktari wa meno, na nataka niseme utamu wake.

Watu wanajua tunashika taa. Sawa taa tunashika, ila kabla mgonjwa wa kwanza hajakaa, koleo na vioo vishasuguliwa, vishafungwa kwenye pakiti vikaingia otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, nyuzi joto 121 dakika 15 au nyuzi 134 dakika 3 kutegemea mashine, na alama ya kwenye pakiti isipobadilika rangi hakifunguliwi kitu hata foleni ifike getini. Kazi ikianza daktari yuko kulia mi kushoto na mrija wa kunyonya mate, mkishazoeana hamuongei, ananyoosha mkono tu kifaa kishafika.

Alafu daktari anaangalia jino, mi naangalia macho ya mgonjwa. Anakuja baba mzima, dereva wa lori, shavu limevimba, kameza panadol na kutafuna karafuu mpaka kachoka, ile sindano ya ganzi ikitokea tu anakumbuka kuna simu ya kupiga nje! Hapo ndo kazi yangu, namuuliza bei ya dizeli na foleni ya mizani, analalamika weee mpaka ganzi imeshika, jino likitoka anauliza "dada, ndo tayari?" Nacheka kila siku na sichoki.

Ila kinachonipa raha kuliko vyote ni hawa wenye meno ya kahawia. Huku tunajuana, maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi, shirika la afya duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na zipo chemchem zetu zinapita hapo mara nyingi tu. Binti anatoka Maji ya Chai au King'ori, akicheka anaziba mdomo na kiganja, kashasugua mkaa, majivu, mwingine mpaka mchanga, na hakuna kilichotoka kwa sababu ile rangi iliingia ndani ya jino likiwa bado linatengenezwa kwenye ufizi, yeye ni mtoto anakunywa maji ya nyumbani kama wenzake. Kwa hiyo ukisugua unakula jino tu. Daktari anayasawazisha yale ya mbele anayafunika na kompositi, ule ujazo wa rangi ya jino, mi namulika taa ya bluu ikauke, na kioo nampa mimi jamani, sio daktari! Wengine wanalia, wengine wanaomba simu wajipige selfi hapohapo kabla hata ganzi ya mdomo haijaisha, mdomo umepinda lakini meno yanaonekana.

Na mara nyingi mama wa binti kaja na mdogo wa binti mgongoni, basi naanza na huyo mama. Kuchemsha maji hakutoi floraidi, maji yanapungua floraidi inabaki, mtoto apewe maji ya mvua kama mnaweza kukinga au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ule wanaoushughulikia pale kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto. Na magadi kwenye kande mpunguze, nayo ina floraidi. Hapo ndo wananuna, mama zetu kwenye magadi hawataki utani.

Kuna na wale wanaoleta kichanga kinaharisha kina homa wameambiwa mtaani ni meno ya plastiki yang'olewe. Ni meno yake ya kawaida hayajatoka, ukiyachokonoa unaleta damu na maambukizi na ugonjwa uliomleta uko palepale. Nikimshika mkono mama wa hivo nikampeleka kliniki ya watoto siku hiyo nalala vizuri sana.

Mshahara? Tusiongelee, na mgongo unauma kwa kuinama. Ila mtoto akitaka kusomea afya ya kinywa msimcheke, mleteni siku moja akae pembeni aone.

Na mhariri, barua ikiwa ndefu kata popote ila pale pa magadi paache.

Msaidizi wa daktari wa meno,
Arusha