YAH: Bushi za injini mauntingi mlizoniuzia, slivu ni fupi na mmekataa kuzipokea

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari zenu. Naandika baada ya kuzungushwa sana kwenye simu na meseji, kila nikipiga anapokea mtu mwingine na mimi naanza upya kuanzia a, kwa hiyo safari hii naweka yote sehemu moja, na naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanirushia lile jibu lenu la "bidhaa ikishafungwa hairudishwi".

Nilichukua kwenu seti ya bushi za injini mauntingi (zile raba za kwenye vishikio vinavyoishika injini kwenye bodi), zile nyekundu za poliurethani, yaani plastiki ngumu inayotumika badala ya raba, za pembeni mbili pamoja na ya mauntingi ya nyuma inayozuia injini isijipinde ukikanyaga mafuta. Gari ni ya zamani, silinda nne, otomatiki, injini imekaa kwa upana. Mauntingi mpya za kiwandani za modeli hii hazitoki tena, na zilizopo ni za kuchomolewa kwenye magari mengine ambazo raba yake nayo imeshachoka kama ya kwangu, so kubadilisha bushi tu na kubaki na breketi yake ya chuma ni wazo zuri na sina ugomvi nalo kabisa. Ugomvi wangu ni slivu, kile kibomba cha chuma kinachokaa katikati ya bushi na boliti inapita ndani yake.

Za pembeni zilifungwa vizuri. Ya nyuma sasa, fundi anakaza ile boliti ndefu inayopita katikati akaniambia "bosi, hii inakaza ila haifiki mwisho, inakuwa kama inabonyea". Nikainama na tochi nikaona bushi imefura pande zote mbili, imetoka nje ya breketi kama mdomo. Tukaifungua, tukapima kwa venia, kile kipimo cha fundi cha milimita: bushi ina milimita 60 toka ukingo mpaka ukingo, slivu ya chuma inayoingia ndani yake ina 58.6. Yaani slivu ni fupi kuliko bushi kwa zaidi ya milimita moja! Mtu yeyote mwenye kazi hii anajua inatakiwa iwe kinyume chake, slivu izidi kidogo, ili boliti ibane chuma kwa chuma na bushi ibaki huru kujizungusha juu ya slivu. Ikiwa fupi, boliti inaikamua poliurethani kwa pembeni, unaona umekaza kumbe hujakaza kitu, ile poliurethani ikishanywea kidogo tu na boliti nayo inalegea. Na hii ndo ilivyotokea. Tuliirudishia kwa sababu gari ilikuwa haiwezi kubaki inaning'inia kwenye jeki, na haikuchukua muda nikaanza kusikia "koh" kila nikitoa R kwenda D, kuja kuangalia nati inazunguka kwa spana bila nguvu na shimo la breketi limeanza kung'aa mahali boliti inapopiga.

Hiyo sio kelele tu jamani. Boliti ya mauntingi ikilegea injini inatembea, na injini ikitembea inavuta hosi, inavuta bomba la eksozi, inavuta nyaya. Mnauza kitu ambacho kazi yake ni kushika injini mahali pake.

Sasa mmenijibu kwa meseji kwamba nilipaswa kupima kabla ya kufunga. Sawa, kwenye karatasi yenu ya maelekezo ni wapi mmeandika slivu inatakiwa iwe na urefu gani? Karatasi yenyewe ninayo hapa mbele yangu, ina picha mbili zilizofifia na maneno "tumia fundi mwenye uzoefu". Haisemi boliti ikazwe kwa nguvu kiasi gani, haisemi kama ukaze injini ikiwa imekalia uzito wake au ikiwa bado imebebwa na jeki, na kubwa kuliko yote haisemi lile bati la nje la bushi ya zamani linatolewa au linabaki. Hapo kwenye bati tulikaa muda mrefu tukibishana. Ukiliacha na bushi mpya ilitengenezwa kukaa bila bati, haiingii hata kwa presi. Ukilitoa inabidi ulikate kwa msumeno wa chuma taratibu usije ukajeruhi breketi, na likishakatwa hakuna kurudi nyuma, ile bushi yako ya raba hata kama ingekuwa nzima huwezi kuirudishia tena. Picha namba 2 inaonyesha breketi haina bati, tukalikata, na bushi ikaingia vizuri tu. Kwa hiyo mnaponiambia hairudishwi kwa sababu imefungwa, na kuifunga ndo njia pekee ya kujua kwamba boliti haifiki mwisho, mnataka mteja agundue ubovu akiwa wapi? Kwenye boksi?

Halafu kuna hilo neno mlilolichapa juu ya boksi, eti "haiongezi mtetemo". Hapa naomba muwe wakweli na watu. Raba ya kiwandani mara nyingi ugumu wake ni kama 50 mpaka 60 kwenye kipimo cha Shore A (namba ikipanda ndo ugumu unapanda), poliurethani za mauntingi zinauzwa kuanzia kama 70 hadi 95, na kati ya 70 na 95 ni mbingu na ardhi. Nyie hamjaandika ni ngapi, mmeandika "imara zaidi" na kuipaka nyekundu, na rangi haisemi kitu maana kila kampuni ina rangi zake. Injini ya silinda nne ikiwa saileni, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika inapiga mara 25 kila sekunde, raba laini inaumeza huo mtetemo, kitu kigumu kinaupitisha moja kwa moja kwenye bodi. Kwangu ukiweka D umekanyaga breki, AC imewashwa, kioo cha kati kinatetemeka mpaka taa za gari la nyuma zinakuwa mbili mbili. Mimi nilijua mtetemo utaongezeka kidogo na nilikubali, lakini anayesoma boksi lenu na kuliamini mnamuonea.

Mhudumu wenu mmoja akaniambia "tembea nayo kwanza, zitazoea". Nini kitazoea? Slivu ya chuma itarefuka?

Ninachotaka ni hiki. Mnitumie slivu ya mauntingi ya nyuma yenye urefu sahihi pamoja na bushi yake mpya, kwa sababu hii iliyokamuliwa imeshabaki na umbo la mdomo na siirudishii, na gharama ya fundi kufungua na kufunga tena ni yenu. Kama hamna slivu sahihi basi mnirudishie hela ya seti nzima, sitaki vocha ya kununua kitu kingine kwenu. Na mpime slivu zilizobaki stoo kabla hamjamuuzia mwingine, sidhani mashine ilikata fupi ya kwangu peke yake.

Nimeambatanisha picha za venia ikiwa juu ya bushi na juu ya slivu, picha ya shimo la breketi, risiti, na ile karatasi ya maelekezo. Bushi yenyewe nimeitunza, mkitaka kuiona tumeni mtu. Jibu naomba liandikwe na mtu wa ufundi, aliyewahi kulala chini ya gari, sio lile la kunakili.

Mteja wenu.

NB: Na ile pakti ya grisi ya silikoni iliishia kwenye bushi mbili za pembeni, ya nyuma tulitafuta wenyewe. Seti ni ya bushi tatu.