Kabla hamjabadilisha kompyuta za ofisi, pigeni hesabu ya miaka

Mhariri,

Tangu Microsoft isimamishe huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye ofisi hapa Mombasa wananiuliza kama ni lazima wamnunulie kila mfanyakazi kompyuta mpya. Nawasihi, hasa mawakala wa forodha na wahasibu, wasikimbilie dukani kabla ya kuzifikiria kompyuta nyembamba.

Kompyuta nyembamba ni kijisanduku kisicho na diski na mara nyingi hakina hata feni. Programu na mafaili yote yamo kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia ofisi nzima. Chenyewe kinaonyesha picha kwenye skrini na kupeleka unachoandika. Hata sipiyu, yaani sanduku la kompyuta ya mezani, iliyo kuukuu na inayokataa Windows 11 yaweza kuwekewa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ikafanya kazi hiyo.

Mimi ni fundi, na adui ninayepambana naye ni hewa yetu ya bahari. Ukifungua sipiyu ya ofisi ya Shimanzi au kando ya Kilindini unakuta feni imegandwa na vumbi lenye unyevu na skrubu zimeliwa na chumvi. Meno ya memori nayasugua kwa raba ya mwanafunzi mpaka yang'ae, mashine inawaka, na baada ya muda naitwa tena. Mwenye ofisi huhesabu ujira wangu tu. Hahesabu karani aliyekaa bure huku kontena la mteja likilipiwa ghala bandarini. Kijisanduku kisicho na feni hakivuti hewa hiyo, na kikifa unachomeka kingine, karani anaendelea pale alipoachia.

Umeme nao una hesabu yake. Chukua mashine 20, ya mezani ikila wati 80 na nyembamba wati 10, bila skrini. Kwa saa 10 kwa siku, siku 26 za kazi, unaokoa yuniti 364 kwa mwezi. Lakini seva ya wati 300 isiyozimwa usiku na mchana inakula yuniti 216 kati ya hizo, kabla hujawasha eyakoni ya chumba chake. Ikizimwa baada ya kazi, inakula 78 tu. Muuzaji asiyekutajia seva hajakupa hesabu kamili.

Na seva ndiyo roho ya ofisi. Ikilala, wote wamelala, kwa hiyo betri ya akiba, nakala za mafaili na ikiwezekana seva ya pili si anasa. Duka lenye kompyuta tatu halina haja ya mzigo huu, wala wachoraji wa ramani za majengo wanaohitaji mashine zenye nguvu.

Ombi langu kwa wauzaji: leseni za Windows za kuingia kwenye seva, zinazolipiwa kwa kila mtumiaji au kila kifaa, ziandikwe kwenye karatasi ileile ya bei ya vijisanduku. Wateja wangu wamekuwa wakiletewa bei ya leseni wakati vifaa vimeshafungwa na malipo ya kwanza yameshatoka.

Fundi wa kompyuta,
Tudor, Mombasa